Si Kila Apitaye Juu ya Boma ni Mwewe: Kuwatambua Ndege Wawindao Shianda

Kivuli kinapopita uani, mtetea hutoa mlio mmoja mfupi na vifaranga hukimbilia chini ya mbawa zake. Watoto hupiga kelele, "Mwewe! Mwewe!", mtu huokota jiwe, na mambo huishia hapo. Katika maboma mengi ya Shianda na vijiji vinavyoizunguka, jina hilo moja limebebeshwa kila ndege mwenye mdomo uliopinda. Aliye juu huenda ni mwewe kweli, naye amekuja kwa ajili ya kifaranga. Lakini huenda pia ni tai aliyekuja kwa ajili ya panya, ambaye kuku hawamshughulishi kabisa. Jiwe halichagui, na sumu haichagui hata kidogo.

Jambo hili lina uzito katika kaunti ambayo kuku, ingokho, ndiye wa kwanza kuchinjwa mgeni akifika na ndiye wa kwanza kuuzwa mtoto akihitaji kalamu na daftari. Mkaazi aliyepoteza vifaranga sita kati ya kumi ana haki ya kukasirika. Mkaazi huyo huyo, hata hivyo, hupoteza mahindi ghalani kwa panya mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi hasira yake humwangukia yule anayempunguzia panya hao. Ndege wa mchana wanaozoea kuiba kuku hapa ni wachache mno. Waliobaki wanakula panya, mijusi, panzi na nyoka. Anayeweza kuwatofautisha akiwa amesimama mlangoni pake anajua lini akimbie kuokoa vifaranga na lini aendelee kunywa chai yake.

Shianda, iliyo katika Kaunti Ndogo ya Mumias Mashariki kwenye barabara ya Kakamega kwenda Mumias, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Pana soko lenye mabaki ya nyama na samaki, viwanja vya nyumba vyenye miembe na maparachichi, mikaratusi mirefu mipakani, miti ya lusiola, na nje kidogo mashamba ya mahindi na miwa yaliyojaa panya. Msitu wa Kakamega, wenye aina zaidi ya 300 za ndege, hauko mbali upande wa mashariki, lakini mtu wa Shianda hahitaji kufunga safari kwenda msituni ili aone ndege wawindao. Wanakaa juu ya nguzo za stima mbele ya nyumba yake.

Umbo kwanza, rangi baadaye

Kosa la kwanza la anayeanza ni kuuliza, "Ana rangi gani?" Ndege akiwa angani jua likiwa nyuma yake huonekana mweusi, hata awe mweupe tumboni. Isitoshe, karibu ndege wote wawindao huwa na rangi ya kahawia yenye madoadoa wakiwa wachanga, kisha hubadilika kabisa wakikomaa. Rangi huja mwisho.

Anza na ukubwa, na uupime kwa ndege unaowajua. Je, ni mkubwa kuliko kunguru, au analingana na tetere? Kisha tazama mbawa. Mbawa ndefu na pana ni za ndege anayeelea juu kwa muda mrefu bila kupiga mbawa, akibebwa na hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini. Ndiyo maana ndege wa namna hiyo huonekana zaidi kuanzia saa tatu au nne asubuhi, baada ya jua kuchoma. Mbawa fupi za mviringo pamoja na mkia mrefu ni za kipanga anayekatiza kati ya miti. Huyo hapendi kuelea, hupita mara moja kama jiwe lililorushwa. Baada ya hapo tazama mkia: una panda, ni wa mraba, au una mstari mweupe unaoukata? Mwisho, angalia anachofanya. Ametulia juu ya nguzo akitazama nyasi? Anazunguka juu ya soko? Anapapatika mahali pamoja hewani kana kwamba ametundikwa kwa uzi?

Masikio nayo husaidia. Ndege wadogo wakipiga kelele kwa hasira mahali pamoja juu ya mti, au kunguru wawili wakimfukuza ndege mkubwa, sogea pole pole ukatazame. Mara nyingi ndio wanaomgundua mwindaji kabla ya binadamu.

Mwewe mwenyewe

Mwewe ana sifa moja isiyodanganya: mkia wenye panda. Hakuna ndege mwingine mkubwa wa kahawia katika anga ya Shianda mwenye mkia huo. Akiukunjua wote, panda hupungua na mkia huonekana umenyooka, kwa hiyo subiri augeuze. Mwewe huuzungusha mkia wake upande huu na huu kama usukani wa mashua, huku mbawa zikiwa zimetulia. Aliyekomaa ana mdomo wa manjano. Mchanga ana mdomo mweusi.

Huyu ndiye anayezunguka juu ya soko, machinjio na majalala. Chakula chake kikubwa ni mabaki: matumbo, vichwa vya samaki, panya waliokanyagwa na magari barabarani. Wakulima wanapochoma majani ya miwa hufika haraka kuokota panzi na panya wanaoukimbia moto. Kwa maana hiyo ni mfagiaji wa bure. Lakini jina lake baya halikutoka hewani. Kifaranga wa wiki mbili aliye peke yake katika uwanja mtupu ni chakula chepesi kwake. Hushuka kwa mteremko, hunyakua kwa kucha bila kutua, na mara nyingi huanza kula akiwa bado angani. Kuku mkubwa hamwezi. Kifaranga akifikisha karibu miezi miwili, mwewe humwona ni mzigo.

Kati ya Oktoba na Machi, mwewe wengine wa jamii hiyo hufika Afrika Mashariki kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi, kwa hiyo wingi wao angani si lazima umaanishe kwamba wamezaliana hapa.

Tai wa nguzo ya stima

Ndege ambaye Shianda inapaswa kumjua kuliko wote ni tai mwenye kishungi, ambaye wataalamu humwita Lophaetus occipitalis. Ni wa rangi ya kahawia iliyokoza hadi kuonekana mweusi, ni mkubwa kuliko kunguru, na kichwani ana manyoya marefu yaliyosimama ambayo hulala na kuinuka upepo ukivuma. Macho yake ni ya manjano. Akiruka, kila ubawa unaonyesha kiraka cheupe karibu na ncha, kama dirisha lililoachwa wazi katika nyumba yenye giza. Madirisha hayo huonekana hata kwa mbali, na ukiyaona huna haja ya kuhesabu kitu kingine.

Anapenda nguzo za stima, mikaratusi na miti iliyokauka kando ya mashamba. Hukaa hapo saa nzima, pengine zaidi, kichwa kikiwa kimeinama, akisikiliza nyasi. Anayepita kwa boda boda humwona mvivu. Kumbe yuko kazini. Panya akijitokeza, tai huyu hushuka kwa utulivu, humkamata ardhini na kurudi naye kwenye nguzo ile ile. Panya ndio chakula chake kikuu. Mijusi, nyoka wadogo na wadudu ni nyongeza tu. Kuku kwake ni ajali ya nadra.

Kinachosikitisha ni kwamba ukaaji wake wa wazi, juu ya nguzo kando ya njia, ndio unaomfanya alengwe kwa manati kirahisi kuliko wote. Mwewe aliyeiba kifaranga huwa ameshatokomea. Tai aliyeketi pale bila hatia ndiye anayepigwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za ndege wawindao zilizofanywa kando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na nyingine zilizofanywa kuanzia mwaka 2003. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Tai mwenye kishungi alikuwa miongoni mwa walioporomoka zaidi, kwa zaidi ya asilimia 90. Mwingine aliyeporomoka kwa kiasi hicho ni tai mweupe tumboni mwenye mkia wa rangi ya matofali, ambaye wakaazi wa nyanda za juu wanamjua vizuri zaidi kuliko watu wa Mumias, naye pia ni mla panya. Hao si ndege wa mbugani wanaotazamwa na watalii. Ni ndege wa shambani, waliokuwa wa kawaida kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuwahesabu nyumbani kwake.

Vipanga, wema na wabaya

Kundi la vipanga ndilo linalochanganya zaidi, na hapa ndipo mwizi wa pili anapopatikana. Ni kipanga mkubwa mweusi mgongoni na mweupe kidarini na tumboni, mwenye macho mekundu, mkia mrefu na mbawa fupi. Wapo wachache ambao ni weusi karibu mwili mzima. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa kiasi kinachoweza kumfanya mtu adhani ni aina mbili tofauti. Hujenga kiota chake cha vijiti juu kabisa kwenye mikaratusi, na windo lake ni njiwa na tetere. Mwenye kufuga njiwa anamfahamu. Jike anaweza pia kumchukua tembe, jambo ambalo mwewe haliwezi. Haelei juu akijionyesha. Huvizia mtini na kutokea ghafla nyuma ya nyumba, akiruka chini chini. Ukisikia kishindo, ukaona manyoya yakipeperuka na hukuona kivuli chochote kabla yake, mshuku huyu.

Yuko mdogo wa jamii yake, wa ukubwa wa tetere, kijivu mgongoni, mwenye mistari myembamba ya rangi ya kutu kidarini. Huyo hula mijusi na ndege wadogo. Anaweza kumjaribu kifaranga wa siku chache, lakini mara nyingi mtetea mkali humfukuza.

Kipanga mla mijusi ni rahisi kumtambua kwa sababu amejiandika jina shingoni: koo lake jeupe lina mstari mmoja mweusi wa wima, kama uliochorwa kwa kalamu ya wino. Mkia wake mweusi unakatwa na mstari mweupe. Hukaa kimya ndani ya majani ya mwembe na kushukia mijusi, panzi na panya wadogo. Amekaa katika bustani nyingi kwa miaka bila mwenye bustani kujua.

Kisha kuna yule wa ajabu, kipanga wa kijivu mwenye mbawa pana zilizolegea, kichwa kidogo, na uso mtupu usio na manyoya, wa manjano, unaogeuka mwekundu anaposisimka. Ukimwona ndege mkubwa akining'inia kichwa chini miguu juu kwenye mti wenye viota vya mnana, wale ndege wa manjano wanaofuma viota na kushambulia nafaka, basi ni huyo. Kifundo cha mguu wake hupinda mbele na nyuma pia, jambo linalomwezesha kuingiza mguu ndani ya kiota au ndani ya shimo la mti na kupekua kila pembe kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. Hutoa makinda, mayai, mijusi na popo. Kwa mkulima wa mtama au wimbi, mgeni huyu ni wa kukaribishwa. Mchanga wake ni wa kahawia tupu na humchanganya hata mzoefu. Kichwa kidogo na mbawa zilizolegea ndizo humtoa katika shaka.

Juu ya nyasi na mashamba yaliyovunwa anaweza kuonekana ndege mdogo mweupe na kijivu, mabega meusi, macho mekundu, akipapatika mahali pamoja hewani huku akitazama chini. Huyo naye anatafuta panya. Kando ya Mto Nzoia anapatikana furukombe, mwenye kichwa na kidari cheupe, ambaye samaki humtosha. Tai mkubwa wa Msitu wa Kakamega, anayewinda nyani na kima, anaishi penye miti mikubwa iliyoshikana, na anayedhani amemwona juu ya kibanda chake cha M-Pesa huko Shianda huenda amemwona tai mwenye kishungi.

Mwindaji wa zamu ya usiku

Jua likizama, kazi ya panya huchukuliwa na bundi. Anayeishi na watu zaidi ni bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, ambaye hutaga mayai katika dari za shule, makanisa na maghala ya zamani. Halii kwa kuvuma. Hutoa mlio mkavu wa kukwaruza unaoweza kumwamsha mtu aliyelala fofofo. Manyoya ya mbawa zake yana kingo laini kama nyuzi, kwa hiyo anaruka bila sauti, na masikio yake yanaweza kumpata panya gizani kwa mchakacho tu.

Katika jamii nyingi za Magharibi, bundi akilia juu ya paa husemekana ameleta habari za msiba. Imani hiyo ni ya wazee na haifutwi na jarida. Lakini kuna ushahidi mmoja ambao bundi mwenyewe huuacha chini ya mahali anapolala, na ambao mtoto yeyote anaweza kuusoma. Bundi humeza panya mzima, kisha manyoya na mifupa isiyoyeyuka tumboni huitapika kama tonge kavu la kijivu, lenye urefu wa kidole gumba hivi. Mwalimu anaweza kuyakusanya matonge hayo kwa kijiti, kuyaloweka katika maji ya uvuguvugu na kuyachambua na wanafunzi juu ya gazeti. Fuvu la panya lina meno mawili marefu ya mbele yenye rangi ya machungwa. Fuvu la ndege lina mdomo. Darasa likihesabu mafuvu ya matonge kumi, litajua bundi wa dari yao anakula nini, bila kuambiwa na mtu. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi hiyo.

Sumu haina macho

Wapo wanaochukua kuku aliyekufa, wakamnyunyizia dawa ya wadudu na kumwacha uwanjani ili mwewe ajipatie adhabu. Anayekula kwanza mara nyingi ni mbwa wa jirani. Anayefuata ni nguruwe, kunguru au mtoto anayetambaa.

Wakaazi wa eneo hili hawahitaji mfano wa mbali. Mto Nzoia unaopita Mumias huteremka hadi Bunyala, Kaunti ya Busia, unakonywesha mashamba ya mpunga. Huko, mtafiti Mkenya Martin Odino alirekodi jinsi dawa ya wadudu ya aina ya kabofurani ilivyotumiwa kutega ndege wa mwituni, ikichanganywa na mchele na konokono, na jinsi ndege hao walivyouzwa kama nyama ya kuliwa. Sumu iliyokusudiwa wadudu wa shambani ilifika mezani kwa watu.

Dawa ya panya nayo ina njia yake ya kificho. Nyingi za dukani huzuia damu kuganda, na panya aliyeila hachukui dakika bali siku kadhaa kufa. Katika siku hizo hutembea polepole, hujitokeza mchana, hajui kukimbia. Ndiye anayekamatwa kwanza na bundi au tai, na sumu iliyo ndani yake humhamia aliyemla. Mwenye ghala akimuua bundi kwa njia hiyo, msimu unaofuata atanunua dawa zaidi. Mtego wa waya au wa mbao hufanya kazi bila madhara hayo, na ghala lililoinuliwa, lenye mabati yaliyokunjwa kuzunguka miguu yake, hufanya kazi zaidi. Ikiwa lazima dawa itumike, panya waliokufa wakusanywe kila asubuhi na kuzikwa, wasitupwe kichakani.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege wa mwituni. Kuwatega kwa sumu ni kosa la jinai, na anayeona mizoga ya ndege kadhaa mahali pamoja asiiguse, bali atoe taarifa kwa chifu, polisi au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kuokoa vifaranga bila kuua mtu

Kabla ya kumlaumu ndege, chunguza alama. Kuku aliyepotea usiku hakuchukuliwa na mwewe wala kipanga, kwa sababu hao hulala usiku kama kuku wenyewe. Banda lililochimbwa pembeni, damu sakafuni na kuku kadhaa waliouawa bila kuliwa ni kazi ya nguchiro, kicheche au mbwa. Mayai yaliyonyonywa na kuachwa maganda mara nyingi ni ya nguchiro au kunguru. Kipanga huacha duara la manyoya yaliyonyonyolewa mahali pamoja, mara nyingi chini ya mti. Mwewe haachi kitu. Kifaranga huhesabika tu kuwa hayupo.

Kinga iliyo bora ni kizimba. Vifaranga wakikaa ndani ya kizimba chenye paa na wavu kwa wiki sita hadi nane za kwanza, huku wakiletewa chakula na maji, mwewe hana la kufanya. Ni kazi ya ziada, na mwanzoni chakula kitagharimu, lakini vifaranga wengi wa kienyeji hufia katika wiki hizo hizo, na si wote kwa sababu ya ndege: baridi na magonjwa navyo huwamaliza. Kizimba huzuia hasara zaidi ya moja.

Wakianza kutoka, wasitoke katika uwanja uliofagiliwa ukawa mweupe kama sahani. Uwanja huo ni safi machoni pa wageni na ni meza machoni pa mwewe. Acha vichaka vifupi, migomba, au tandaza mpasheni juu ya fito ili kuwe na paa la majani. Nyavu kuukuu za samaki zikitandazwa juu ya sehemu ya ua hufaa pia. Kanda za kaseti, sidii na makopo yanayong'aa hufanya kazi siku chache, kisha mwewe huzoea na hata kutua karibu yake. Baadhi ya wafugaji hupaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi ili mwewe asiwatambue kama chakula. Labda humshangaza kwa muda, ila njaa haichagui rangi, na mfugaji anayetegemea rangi peke yake atarudi kuhesabu hasara. Mtetea mkali na jogoo macho wana thamani kuliko ndoo ya rangi. Mabaki ya nyama yasitupwe uani. Mwewe anayekuja kwa utumbo leo atarudi kesho kwa kifaranga.

Daftari na simu

Anayetaka kujifunza zaidi aanze na nguzo moja au mti mmoja anaouona kutoka nyumbani. Kwa mwezi mmoja aandike tarehe, saa, hali ya hewa, umbo la ndege, mkia na alichokuwa akifanya. Darubini husaidia lakini si lazima. Picha ya simu hata ikiwa na ukungu inatosha, mradi ionyeshe mkia na upande wa chini wa mbawa.

Kumbukumbu hizo zina mahali pa kwenda. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi katika vipande vya mraba vya takriban kilomita tisa kwa tisa, na mtu yeyote anaweza kutuma orodha ya ndege wa kipande chake kwa kutumia programu ya simu iitwayo BirdLasser. Wanaotaka kutembea na mjuzi wanaweza kuwaona waelekezi wa KEEP, mpango wa elimu ya mazingira ulio Msitu wa Kakamega. Asubuhi moja pamoja nao hufundisha kusikia kuliko kurasa nyingi.

Akipatikana ndege aliyejeruhiwa, asishikwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa kucha zake ni hatari kuliko mdomo. Mfunike kwa gunia au kitambaa kizito, mweke ndani ya sanduku la katoni lenye matundu mahali penye giza na utulivu, usimpe mkate wala maziwa, kisha upeleke habari kwa ofisi ya KWS. Kinda wa bundi aliye chini ya mti, mwenye manyoya laini meupe, anayewapigia watu mdomo tak-tak, kwa kawaida hajatupwa. Wazazi wake wako karibu wakingoja giza liingie. Arudishwe juu kwenye tawi au kwenye ukingo wa dari, mbwa na watoto waondolewe hapo, naye atalishwa usiku huo huo.